Mstari wa Nati

Jumamosi, 22 Juni

Kaka,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, na hata wewe sikwambii, maana barua hii siitumi. Naiandika kwa sababu kifua kimejaa, na mdomo wangu unaujua, mpaka leo haujajifunza kufunguka.

Nimelivunja gari lako.

Si lote. Ni rimu moja, ya mbele kushoto. Ni zile rimu ulizozitamani miaka miwili, ukikata picha zake magazetini na kuzibandika juu ya kitanda chako mpaka Mama akasema hata mchumba hapewi heshima hiyo.

Tangu uondoke kwenda kuchimba handaki lenu huko mlimani, kila alasiri, kabla Mama hajatoka zahanati na Baba hajarudisha basi la shule, mimi huingia ndani ya gari lako, nafunga milango, halafu naongea. Kwa sauti kabisa. Namjibu mwalimu wa hesabu. Nawajibu wale wasichana wa nyuma. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili na zote mbili hunitoka vizuri kwenye karatasi tu, lakini humo garini zote hunitoka mdomoni kama maji. Siku moja nikawasha injini, niisikie tu. Siku nyingine nikaingiza gia. Uliniahidi utanifundisha, ukaondoka, basi nikajifundisha: mbele hadi getini, nyuma hadi ukutani.

Jumatatu gari lilikuwa limetoka tu mikononi mwa Fundi Miguu. Rimu mpya, tairi mpya, shokapu mpya, limeshuka chini vidole vitatu, limekaa kama paka anayetaka kuruka. Nikasema mara moja tu. Nikiwa karibu na geti mtu akagonga. Nilishtuka, mguu ukatoka kwenye klachi, gari likaruka mbele na gurudumu la kushoto likadumbukia kwenye mtaro wa zege. Aliyegonga alikuwa mzoa taka.

Sauti ya rimu ikigonga zege ilikuwa ndogo, kama kikombe kinapowekwa vibaya juu ya sahani. Kwa nje hakuna kilichoonekana. Asubuhi tairi lilikuwa limelala chini. Nikapiga jeki, nikafungua nati, nikachungulia kwa ndani: ufa, urefu wa kidole changu.

Jumanne sikwenda shule. Nililisukuma gurudumu mitaa miwili hadi kwa mziba pancha, akatoa tairi, kisha nikampelekea rimu jirani yake anayechomelea. Nikamwambia ni gurudumu la akiba. Akaigeuza, akaigonga kwa spana, akaisikiliza.

"Kama ni la akiba, sawa," akasema. "Lakini usimpandishe mtu unayempenda juu ya hili, binti. Hapa nilipounga patakuwa pagumu, pembeni yake patakuwa laini. Siku likiachia halitapiga hodi."

Kuchomelea elfu thelathini, tairi kutolewa na kurudishwa elfu sita, rangi ya fedha ya kupaka juu ya mshono elfu tisa. Jumla arobaini na tano. Ukiacha akiba, katika bajeti yako palikuwa na mstari mmoja tu wenye hela ambazo hazijatumika, na ulikuwa wa arobaini na tano kamili. Mstari wa nati.

Fundi Miguu alizifunga rimu kwa nati za zamani, za muda tu, gari lisimame uani, akasema nikizipata mpya nimwite. Jana aliniuliza. Nikamwambia utakuja kuzifunga mwenyewe. Alinitania kwamba huo ni uongo wa kifundi, kisha akasahau.

Nasikia Mama anafungua geti. Karatasi hii inaingia ndani ya jalada la daftari la hesabu zako.

Kimya


Jumapili, 23 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Mama anakusalimu. Kazi ya gari imekwisha. Hesabu hii hapa, kama ulivyoagiza, kwa elfu:

Rimu nne: 480
Tairi nne: 360
Shokapu na springi zake, seti: 520
Bushi: 60
Nati 20 na pete 4 za katikati ya rimu: 45
Kupima magurudumu: 15
Akiba: 20 (ipo, sijaigusa)
Jumla: 1,500

Fundi Miguu ananiita Bi Mhasibu. Alitaka nimwongezee cha soda nikamwonyesha daftari kwamba soda haimo. Amecheka sana, amesema umeacha askari nyumbani.

Gari limependeza. Dereva wa lori lenu la vyakula anapita kesho asubuhi kwa Mama zahanati, nitampa barua hii.

Mdogo wako,
Kimya


Jumatano, 26 Juni
Kambini, baada ya zamu

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo, na wenzangu wakadhani nimeandikiwa na mwanamke. Nikawaambia ni mhasibu wangu. Wanacheka kwamba mtu mzima nampa mtoto wa shule milioni moja na nusu. Nimewaambia huyu hali hela za watu, hata kuongea nao hataki.

Sasa nikueleze kwa nini nilipanga bajeti vile, kwa sababu najua Fundi alikunong'oneza kwamba mimi ni mbahili. Watu wengi huanza na rimu kwa sababu zinaonekana pichani. Wananunua kubwa, zinang'aa, halafu wanabakiwa na shokapu za marehemu na bushi zilizokwisha, gari linacheza kama meza mbovu. Mimi niliandika kwanza vitu visivyoonekana. Bushi. Nati. Ukinipokonya hela zote ukaniachia elfu arobaini na tano, ningeanzia hapo.

Kwa hiyo nina swali moja tu. Nati za zamani zina uso wa mviringo. Matundu ya rimu mpya yana mteremko, kama faneli. Ukiifunga ya mviringo humo, spana itakudanganya kwamba imekaza, kumbe imegusa ukingo tu. Gari likitembea inalegea. Umenunua zenye uso wa koni? Niandikie ndiyo au hapana. Mengine yote yanaweza kusubiri, lakini gari lisitoke getini bila hizo.

Na kile kitabu kilichokuja na rimu, kimeandikwa kwa lugha yenu ya shuleni. Nitafsirie maonyo yake. Wewe ndiye mwenye macho hayo nyumbani kwetu.

Baba bado analiita gari langu likelele? Hajaniandikia hata mstari tangu tulipogombana kuhusu vile vyumba vya nyuma visivyokwisha. Najua alitaka hela za gari zimalize paa lake. Simlaumu. Lakini hata kulikalia, Kimya? Miezi kumi na minne gari liko uani na dereva wa maisha yake yote hajawahi kulikalia.

Kaka yako


Jumapili, 30 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Ndiyo. Zenye uso wa koni, ishirini.

Maonyo ya kitabu nimeyatafsiri. Ukurasa wa tano: nati zikazwe kwa mkono kwanza, kisha kwa mpangilio wa nyota. Ukurasa wa sita: zikazwe tena baada ya kilomita hamsini. Ukurasa wa saba: upepo upimwe tairi likiwa limepoa. Ukurasa wa nane: rimu isioshwe kwa dawa kali. Ni hayo tu.

Baba bado analiita likelele. Lakini juzi nilimwona amesimama uani, mikono nyuma, analitazama kama mtu anayesoma tangazo. Nilipotokea akajifanya anatafuta ndoo.

Utarudi lini?

Mdogo wako,
Kimya


Siku hiyohiyo (hii haiendi)

Kitabu kina kurasa tisa.

Ukurasa wa tisa una mstari mmoja, kwa herufi nene. Rimu iliyopasuka isichomelewe kwa hali yoyote, itupwe.

Niliutafsiri, Kaka. Niliuandika chini ya ule wa nane kwa mwandiko mzuri, nikautazama, halafu nikainakili barua yote upya bila huo. Nyumba nzima inaniamini kwa sababu mimi pekee ninaweza kukisoma kitabu hicho, na hiyo ndiyo njia niliyopitia.

Nina elfu kumi na mbili za nauli nilizobana. Nati ni arobaini na tano. Nikitembea kwa miguu mpaka Septemba nitazipata. Lakini nati hazitaponya rimu.


Jumapili, 7 Julai

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini zamu si ngumu.

Nina ombi, na usiniulize sababu kwenye barua. Ukirudi, usiliendeshe gari kabla hujaongea na mimi. Hata hadi dukani. Tukae kwanza wawili, nina kitu cha kukwambia ambacho sijui kukiandika. Niahidi.

Baba jana aliniuliza rimu zina ukubwa gani. Nilimjibu, akasema kumbe, akaendelea kunywa chai.

Kimya


Jumatano, 10 Julai

Kimya wangu,

Nimeisoma barua yako nikacheka, halafu nikajisikia vibaya kucheka. Niliwaza, huyu mtoto ananiogopea. Umeona shokapu, umeona gari lilivyoshuka, umedhani kaka yako anarudi kukimbia mashindano ajivunje shingo, na hujui jinsi ya kuniambia niache. Nimekuelewa bila ya wewe kumaliza. Basi nakuahidi: sitaliendesha mimi.

Ataliendesha Baba.

Kaa chini kwanza. Jumatatu dereva wa lori hakuniletea barua yako peke yake. Alikuja na karatasi ya Baba, nusu ukurasa, mwandiko wake ule wa kuandikia majina ya watoto wa basi. Anasema amesikia nina likizo kuanzia Jumamosi. Anasema haina maana nirudi juu ya magunia ya viazi wakati nyumbani kuna gari. Anasema yeye na Mama watapanda kunichukua, "na hilo gari lako", kaandika gari, Kimya, hakuandika likelele. Nimeisoma mara tatu. Wenzangu wameniuliza kama kuna msiba.

Nisingekubali kama lingekuwa bado na nati za zamani. Lakini umenithibitishia, basi nimemjibu kwamba gari liko tayari na hesabu yake yote nimeiona. Kupanda huku ni mwendo wa saa mbili, haina shida. Wakati wa kushuka nitakaa kando yake, Mama nyuma. Ni kilomita kumi na nane za mteremko, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Sitasema neno. Nataka tu aingie kona ya kwanza ahisi gari linavyoshika, aelewe mwenyewe zile hela zilikwenda wapi.

Kama kuna nafasi, njoo na wewe. Ndicho kitu ulichotaka kuniambia, siyo? Kwamba Baba ameanza kulainika. Mjanja wewe.

Tutaonana Jumamosi.

Kaka yako


Jumamosi, 13 Julai
Asubuhi

Kaka,

Barua yako nimeipata juzi jioni. Lori halipandi tena mpaka Jumatatu, na simu haishiki kambini kwenu, kwa hiyo hii haitakufikia. Najua. Naiandika hivyo hivyo, mkono umeshazoea kukukimbilia wewe.

Jana nilijaribu mara tatu. Asubuhi nilipanda basi la Baba, ingawa si la shule yangu, nikakaa kiti cha nyuma yake, nikaishia kutazama shingo yake mpaka aliponishusha njia panda. Jioni mezani nilisema, "Baba," akageuka, Mama naye akageuka, wakaniangalia wote wawili kwa upole ule wa kunisubiri, nikaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu. Baada ya kula nikamfuata uani, nikamkuta ameketi ndani ya gari.

Ameketi, Kaka. Mlango wazi, mguu mmoja nje. Alikuwa anarekebisha kioo. Akaniona ndani ya kioo hichohicho, akasema kiti kinamshika mgongo vizuri kuliko cha basi. Halafu akashuka, akachuchumaa mbele kushoto, akapitisha kiganja juu ya rimu, upande wa nje, taratibu, kama anapapasa kichwa cha mtoto.

"Kaka yako ana akili kuliko nilivyomdhania," akasema. "Usimwambie nimesema. Nitamwambia mwenyewe kesho."

Ungekuwa wewe ungesema nini hapo? Mimi nilirudi ndani.

Leo ameliosha mwenyewe. Amevaa lile shati la mikono mirefu. Mama anajaza chupa ya chai na anamwambia asikimbize, anajibu kwamba ameendesha watoto wa watu miaka ishirini na moja bila mkwaruzo, atamwua mkewe? Wanacheka. Sijawasikia wakicheka hivyo tangu mwaka juzi.

Ufunguo wako hauko kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Uko mfukoni mwangu. Niliuchukua kabla hawajaamka. Nilidhani wakiukosa wataghairi, utarudi na viazi vyako, halafu tutaona.

Baba ameshautafuta sebuleni, jikoni, garini. Ameuliza kupitia mlangoni, "Kimya, hujauona ufunguo?" Nikasema sijauona. Nimesema, Kaka. Neno pekee lililonitoka wiki nzima bila kukwama lilikuwa hilo.

Hajakasirika. Hilo ndilo baya zaidi. Anasema labda ni yeye mwenyewe, uzee umeanza. Sasa Mama amekumbuka kwamba uliacha ufunguo wa pili kabatini kwake, chini ya mashuka, na namsikia anayatoa mashuka moja moja. Ataupata. Ni kabati dogo.

Namuwazia Mama kwenye kiti cha nyuma na chupa yake ya chai. Nakuwazia wewe kando ya Baba, umenyamaza, unasubiri ahisi gari linavyoshika kona. Na naisikia ile sauti, kikombe juu ya sahani.

Siwezi kumaliza barua hii kwako.

Baba, kuanzia mstari huu inakwenda kwako.

Gari lisitoke. Gurudumu la mbele kushoto, ingiza mkono kwa ndani, karibu na ukingo, utausikia mshono chini ya rangi. Ni ufa uliochomelewa. Rimu niliipasua mimi kwenye mtaro tarehe 17 Juni, nikijifundisha kuendesha. Aliyeuchomelea alinionya mtu asisafiri juu yake, na kitabu cha rimu kinakataza pia, ukurasa wa tisa, nami sikumtafsiria Kaka. Nati mpya hazipo. Hela zake nilizitumia kuuchomelea ufa. Magurudumu yote manne yameshikwa na nati za zamani ambazo hazikai vizuri kwenye rimu hizo. Kaka hajui lolote. Alikwambia gari liko tayari kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Hajakudanganya, Baba. Tafadhali usije ukamwona yeye kuwa ndiye mwenye kosa.

Magurudumu ya zamani yako stoo, chini ya turubai, na tairi zake. Nati za zamani ni zake hasa. Fundi Miguu anafungua saa mbili, kuyabadilisha yote ni nusu saa, na bado utamfikia Kaka kabla ya mchana. Gari halitapendeza vile. Lakini shokapu ni zilezile, ataweza kukuonyesha alichotaka kukuonyesha.

Ndani ya jalada la daftari la hesabu kuna karatasi nyingine mbili. Zisome na Mama.

Mama amesema, "Huu hapa." Kabati limefungwa.

Baba, hujaenda kwake. Hizo ni ndala zako, zinakuja huku, labda kuniambia niache kutafuta. Nikisikia hatua huwa naisukuma karatasi chini ya kitabu cha historia, na mkono wangu umeshaanza, karatasi imefika nusu. Nairudisha mezani. Sitaweza kukwambia, utaingia na mimi nitatazama sakafu, unanijua. Kwa hiyo ufunguo nauweka hapa, juu ya maneno haya, uuone kwanza.